Nywila au ufunguo: Skripti ya Ujiji iingieje seva ya Dar usiku wa manane?

Chukulia chama cha akiba na mikopo cha wavuvi wa dagaa pale Ujiji. Mchana marejesho ya wanachama yanaingizwa kwenye kompyuta moja. Saa nane usiku, wavuvi wakiwa ziwani na taa zao (labda kuwe na mbalamwezi), kompyuta hiyo inatuma nakala kwenye seva iliyoko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Ofisini hakuna mtu. Kazi inafanywa na skripti: amri zilizoandikwa mara moja, zikajirudia kila usiku.

Seva nayo haifungui mlango hivi hivi. Inataka kujua nani anabisha hodi.

Njia inayotumika sana ni SSH, iliyoandikwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland, baada ya mtandao wa chuo kikuu chake kutegeshewa programu ya kunasa nywila. SSH inaficha mazungumzo yote njiani, na inakubali nywila, yaani paswedi, au ufunguo.

Tatizo ni kwamba SSH inategemea nywila ichapwe na mtu. Skripti haina vidole. Ndiyo maana mafundi wengi wanatumia programu ya sshpass na kuiandika nywila ndani ya faili la skripti. Inafanya kazi, lakini faili hilo litanakiliwa kwenye flashi, litatumwa WhatsApp kwa fundi mwingine, na litabaki kwenye diski siku kompyuta ikiuzwa. Nywila ikiwekwa kwenye amri yenyewe, mtumiaji mwingine wa mashine hiyo anaweza kuichungulia kwenye orodha ya programu zinazoendeshwa.

Ufunguo ni tofauti. Amri ya ssh-keygen -t ed25519 inatengeneza mafaili mawili. La kwanza ni kama kufuli: linawekwa kwenye seva, ndani ya authorized_keys, na hata likionekana na mji mzima halina madhara. La pili ndilo ufunguo wenyewe, nalo haliondoki Ujiji. Wakati wa kuingia, kompyuta inatia saini ya kidijitali na seva inaihakiki kwa kutumia kufuli. Siri yenyewe haisafiri kabisa. Vilevile, roboti zinazobahatisha nywila mtandaoni mchana na usiku zinabaki mikono mitupu, mradi seva imezimiwa nywila kwa PasswordAuthentication no.

Je, basi kila kitu salama? Hapana, na hapa wengi wanajidanganya. Ufunguo wa skripti mara nyingi haufungwi kwa nywila yake, kwa sababu usiku hakuna wa kuichapa. Mwizi akiondoka na kompyuta, ameondoka na ufunguo.

Kinga ni kuubana. Utengenezwe ufunguo wa kazi hiyo moja tu, faili lake lilindwe kwa chmod 600, na kwenye seva mstari wake uanze na restrict na command= ili uweze kutuma nakala tu, si kuzurura. Ipo pia from=, inayokubali anwani moja ya mtandao, ila kwa ofisi inayotumia ruta ya laini ya simu anwani hubadilika kila mara, hivyo itawafungia nje wenyewe. Kompyuta ikiibiwa, mstari mmoja unafutwa kwenye seva na matawi mengine yanaendelea na kazi.

Suala hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Daftari la mikopo limo.

Kwa vifaa vya zamani visivyokubali ufunguo, nywila iwekwe kwenye faili la pembeni lenye chmod 600 na kusomwa kwa sshpass -f, huku akaunti yake ikipewa ruhusa chache kadiri inavyowezekana.