Miome, Nyumba Yetu ya Tudor

Kijana anayeingia leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, huku Tudor, akiyaona yale majengo ya zamani yenye matao na makuba hudhani amekosa njia kaingia msikitini. Hajakosa. Yalijengwa hivyo kwa makusudi, na siku hizo hapakuwa chuo kikuu. Palikuwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo kwa herufi za jina lake la Kiingereza iliandikwa MIOME, na vinywani mwa watu ikawa Miome basi.

Nimeombwa niandike historia fupi, na muda niliopewa ni mfupi kuliko hiyo historia. Basi mniwie radhi nikikawia sana huko mwanzoni. Huko ndiko kwenye utamu.

Mtoto wa pwani siku zile alikuwa na Qur'ani yake kifuani, bahari anaijua, na biashara anaiweza. Lakini kazi za karakana na za ofisini zilikwenda zaidi kwa waliopita shule za misheni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alilipigia kelele jambo hili katika magazeti yake tangu miaka ya 1930, mpaka wengine wakamchoka. Alifariki mwaka 1947, matunda yake hakuyaona.

Aliyelivalia njuga serikalini ni Gavana Sir Philip Mitchell. Mzungu yule alikuwa amefanya kazi miaka mingi Tanganyika, na Kiswahili alikisema. Humsengenyi mbele yake ukasalimika. Mfuko ukapitishwa. Aga Khan wa Tatu akatia, Sultani Seyyid Khalifa bin Harub wa Zanzibar akatia, naye bendera yake siku hizo ilikuwa bado ikipepea juu ya Ngome ya Yesu. Mabohora wa Afrika Mashariki wakatia, na Wizara ya Makoloni ya Uingereza nayo ikatia. Tazameni hesabu hiyo: Ismailia, Ibadhi, Bohora na Mwingereza wa kanisani, wote sahani moja, na watoto wa pwani waliokuwa wakisubiri kusomeshwa wengi wao ni Shafii! Wanaosema Waislamu wa huku hawakukaa pamoja kwa jambo lolote, waje Tudor waone.

Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Kulikuwa na umeme, mitambo, useremala, na fani moja iliyotufaa sisi watu wa maji kuliko zote: ubaharia. Chuo kilikusudiwa Waislamu wa Afrika Mashariki nzima, si wa Mombasa peke yao.

Nisemeje kuhusu karakana? Kazi ya kwanza ilikuwa kipande cha chuma, jiriwa na tupa. Ukifanye kipande hicho mraba, kila upande sawa. Unasugua asubuhi, unasugua baada ya adhuhuri, viganja vinatoka malengelenge. Ukidhani umemaliza, mwalimu anakichukua, anaweka rula juu yake, anakiinua mbele ya dirisha. Mwanga ukipenya chini ya rula hata kwa unywele, kinarudi kwenye jiriwa. Wala hakusemi. Mimi chuma hicho nilikisugua, kisha kwa miaka mingi nikawasugulisha wenzangu, na mpaka leo nikishika meza ya mtu huinama kutazama kama mwanga unapita.

Cha ajabu, mtu mashuhuri kuliko wote aliyepita Miome hakushika tupa. Alikuwa karani. Ndiye Ali Mazrui, mwana wa yule yule Sheikh Al-Amin. Mtihani wa Cambridge ulimpa daraja la tatu, Makerere ikamkatalia, akaja kukaa nyuma ya meza kwetu. Siku moja ya Maulidi chuoni kijana akasimama kuhutubia, na Gavana Mitchell yuko kwenye viti. Gavana akatega sikio. Mambo yakazaa mambo, na mwaka 1955 Ali akapata udhamini wa masomo wa kwenda Huddersfield, Uingereza. Kutoka hapo ikawa Manchester, Columbia na Oxford. Makerere iliyomkataa akiwa mwanafunzi ikaja kumpa uprofesa. Hadithi hii tunaisimulia kila tukikutana, na tutaendelea kuisimulia.

Mwaka 1966, nchi ikiwa huru, jina likabadilishwa likawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, chuo cha umma, mlango wazi kwa dini zote. Wako wazee walioguna, na mguno huo haujaisha mabarazani. Hapa si mahali pake. Itoshe kusema matao hayakubomolewa.

Mwaka 1972 tukawa Politekniki, ya pili nchini baada ya ile ya Nairobi, na watu wakaiita Poli. Diploma, uhandisi, biashara, hoteli, wasichana wakazidi mwaka hadi mwaka, Alhamdulillahi. Mwaka 2007 tukafanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Na mkuu wa chuo hicho cha Jomo Kenyatta wakati huo, aliyeteuliwa na Rais Kibaki, ni nani? Profesa Ali Mazrui. Karani wetu alikuwa amerudi na joho.

Januari 2013 Rais Kibaki akatupa hati, tukasimama wenyewe. Baada ya hapo: kampasi ya Kwale, kampasi ya Lamu, shahada za uzamili na uzamivu, maabara, wakuu waliopokezana kiti. Wote nawashukuru, na niliowasahau wanisamehe; mhariri anaidai karatasi.

Mazrui alifariki Marekani mwaka 2014, akaletwa kuzikwa kwao, karibu na Ngome ya Yesu.