Kwa nini mwanaanga huyumba anaporudi duniani?

Simama karibu na ukuta kwa mguu mmoja, kisha fumba macho. Utaanza kuyumba. Ili usianguke, ubongo hutegemea habari kutoka sehemu tatu: macho, misuli na nyayo, na sikio la ndani.

Ndani ya sikio kuna mirija mitatu yenye majimaji, inayohisi kichwa kinapogeuka. Kando yake kuna vijiwe vidogo mno vya chokaa. Ukiinamisha kichwa, uzito wa vijiwe hivyo hupinda vinyweleo vilivyo chini yake, na ubongo hujua chini ni wapi.

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huizunguka dunia kikiwa umbali wa kilomita 400 hivi kutoka ardhini. Mvutano wa dunia bado upo huko, lakini kituo na watu waliomo huwa wanaanguka pamoja bila kukoma, ndiyo maana huelea. Vijiwe vya sikio navyo havielemei upande wowote. Macho yanasema hili, sikio linasema lile. Zaidi ya nusu ya wanaanga huugua kichefuchefu siku za mwanzo. Wa kwanza kupatwa na hali hiyo alikuwa Gherman Titov wa Urusi, mwaka 1961.

Baada ya siku chache ubongo huzoea. Huacha kuvitegemea vijiwe kutambua chini, na huyaamini zaidi macho.

Taabu hurudi wakati wa kutua. Ubongo sasa una mazoea ya angani. Mwanaanga akiinamisha kichwa huona kizunguzungu, na akikata kona hupepesuka. Wengi hubebwa au kushikwa mkono wanapotoka chomboni, na huchukua siku hadi wiki kadhaa kupata nafuu. Hata hivyo, mwaka 1995 daktari Valeri Polyakov, aliyekaa angani siku 437, alitembea hatua chache hadi kwenye kiti.

Watakaofika sayari ya Mirihi hawatakuta mtu wa kuwashika mkono. Ndiyo maana wanasayansi hutafuta mazoezi ya kuufundisha ubongo mapema.

Hapa duniani pia, mtu mwenye kizunguzungu kutokana na hitilafu ya sikio la ndani huweza kufundishwa na mtaalamu mazoezi ya macho na kichwa. Ubongo wake nao hujifunza upya kusimama.