Vyuma tulivyoviacha: kutu na historia ya moteri zetu, Beni na Butembo



Tangu watu waanze kurudi, swali moja linakuja kila mara: zile piesi za moteri zilizobaki ndani ya nyumba ao chini ya udongo, tuziuze kama feraye ao tuzitengeneze? Wanunuzi wa feraye wanapita, wanapima kwa kilo, na mwenye njaa hasubiri. Lakini kijiji bila mashini ya unga, wamama wanarudia kutwanga mihogo na kinu. Mbele ya kupima kwa kilo, tukumbuke namna gani hizi piesi zilipata kuwa mali.

Tarehe 30/11/1973 Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazairwa. Mashamba ya kahawa yakabadilisha wenyewe, na punde si punde piesi zikakosekana inchi nzima. Nyuma ya pale, wafanyabiashara wa Butembo wenyewe njo walitafuta njia: Kasindi, Uganda, mpaka Mombasa, na baadaye Dubai na China. Lori lililala siku nyingi mu matope. Njo maana kwetu hakuna mekanisie anayetupa bulo.

Kisha vita. Mwisho wa 1996 AFDL ilipita hapa. Mwezi wa saba 2013 Kamango ilishambuliwa, na watu zaidi ya 60.000 walivuka kwenda Bundibugyo, Uganda. Kuanzia mwezi wa kumi 2014, mauaji yakaingia Beni na vijiji vyake. Mwenye kubeba mtoto na mukeka habebi vilbreke. Alipaka mafuta yaliyokuwa karibu, akafunga ndani ya gunia, akaficha.

Na hapo njo tofauti zilianzia. Waliopaka mawese walidhani wamefanya vizuri, kumbe mawese yana asidi yake, na ikikaa miaka inauma chuma. Mafuta ya vidanje nayo yamekwisha kubeba uchafu na asidi ya moteri, hata kama ni bora kuliko kuacha chuma uchi. Mbaya kabisa ni gunia lililobeba chumvi, juu chumvi inavuta maji. Wazee wetu walitajirika na chumvi ya Katwe iliyovuka Semliki. Mtu asifikiri gunia lake ni rafiki wa pistoni. Butembo, kwenye zaidi ya metre 1.700, baridi ya usiku inaweka umande juu ya chuma. Beni iko chini zaidi, joto na unyevu wa pori. Pande zote mbili kutu inapata chakula.

Sasa kutu yenyewe. Ile ya juu-juu, yenye kutoka na kidole, haijakula chuma. Lowanisha piesi ndani ya mazuti ao petroli ya taa usiku kucha, mbali na moto, sugua na brosi laini ya shaba, kisha na papye vere laini kabisa yenye mafuta. Apana mchanga, apana tofali: mikwaruzo yake inakamata maji tena.

Halafu pitisha ukucha. Ukiteleza, piesi ni nzima. Ukishika ndani ya vishimo, zaidi pale vilbreke inazungukia, ipelekwe kwa fundi mwenye vyombo vya kupima. Ruleman yenye vishimo itupwe. Juu ya ile sina huruma, maana ikipasuka inaharibu yote.

Moteri iliyokamatana, usiilazimishe na manivele. Ondoa enjektere, mimina mazuti iliyochanganywa na mafuta ya moteri juu ya pistoni, ngoja siku mbili tatu, kisha jaribu polepole kwa mkono. Haraka inavunja segmenti, na segmenti iliyovunjika inachora silinda.

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Waamerika walipaka silaha na piesi grisi nzito kama nta ili zivuke bahari. Sisi tuna grisi ya kawaida sokoni, inatosha. Kausha piesi, paka grisi mpya, funga na karatasi yenye mafuta, weka juu ya mbao, si chini. Sashe ya plastiki iliyofungwa na unyevu ndani ni mbaya kuliko hewa.

Wenye piesi walete kwenye mkutano ujao, kila moja na jina la mwenyewe. Tutazitenganisha mbele ya mwenye mizani hajafika.