Alexander Mackay, Fundi Mitambo wa Buganda

Alexander Mackay alizaliwa Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Uskoti, mtoto wa mchungaji. Baba yake alimfundisha nyumbani hadi alipofikia umri wa miaka 14, akitazamia kwamba mwanawe naye angeshika uchungaji. Kijana alivutwa na mashine. Alisomea ualimu na kisha uhandisi huko Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Berlin kufanya kazi ya kuchora mashine kiwandani.

Mwishoni mwa 1875 gazeti moja la London lilitoa barua ya msafiri Henry Stanley iliyoomba wamisionari waende kwa Kabaka (mfalme) Mutesa wa Buganda, hasa watu wa vitendo wenye kujua ufundi. Mackay alijitolea kwa chama cha misioni cha Kianglikana, CMS, na Mei 1876 akafika Unguja. Hakuwa padri wala hakuwahi kuwa. Aliajiriwa kama fundi, na ufundi huo aliuhesabu kuwa sehemu ya utumishi wake kanisani.

Safari ya kwanza ya bara ilimshinda kwa ugonjwa, akarudishwa pwani. Mwaka 1877 alisimamia ufyekaji wa njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, na katika miaka hiyo alijifunza Kiswahili. Alipofika Kageyi, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1878, alikuta wenzake wawili wameshauawa Ukerewe na shehena ya misheni imetapakaa, vyuma vimeliwa na kutu. Alikaa akichambua kipande kimoja kimoja, akisugua na kuunganisha, mpaka sehemu za injini ya mvuke zikakaa mahali pake mbele ya wenyeji waliokuja kutazama. Novemba mwaka huo alivuka hadi Buganda.

Ikulu mazungumzo ya dini yalianza kwa Kiswahili. Mutesa na wakuu wake waliijua lugha hiyo kutokana na wafanyabiashara wa pwani, na Mackay alisoma mbele yao Maandiko yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Nje ya ikulu alifungua karakana penye fuawe, mvukuto, jiliwa na mashine ya kukerezea. Isifikiriwe kwamba aliwaletea Waganda uhunzi. Wahunzi wao walikuwa stadi zamani, na hodari wao wa kutengeneza nguo za magome hawakuwa na mfano. Kigeni kilikuwa zile mashine, pamoja na ajabu ya Mzungu anayefua chuma mwenyewe, mikono myeusi kwa masizi.

Kazi iliyompa jina kubwa ilikuwa ya msiba. Mama yake Kabaka alipofariki mwaka 1882, Mutesa alitaka mazishi yasiyowahi kuonekana Buganda, na Mackay akapewa jukumu la majeneza matatu, moja ndani ya jingine. La kati lilikuwa la shaba. Sinia na vyombo vya shaba vya ikulu vilikusanywa, vikapondwapondwa hadi vikawa mabamba, kisha mabamba yakaunganishwa. Jeneza la nje lilikuwa kubwa mno. Kazi ilichukua wiki kadhaa, na ilimpa heshima ambayo mahubiri peke yake hayakuwa yamempa.

Hata hivyo kazi yake yenye matunda zaidi ilikuwa ndogo kwa umbo: mtambo wa kupigia chapa. Herufi zilipopungua alichonga nyingine kwa mti, akapiga kurasa za kusomea, sala, na sehemu za Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Wanafunzi waliojua kusoma waliitwa wasomaji, na jina hilo likawa sawa na kuitwa Mkristo. Mmoja wa watano wa kwanza kubatizwa, Machi 1882, alijichagulia jina la Sembera Mackay.

Mutesa alifariki mwaka 1884. Chini ya mwanawe Mwanga, aliyerithi kiti chake, vijana watatu wa misheni waliuawa Januari 1885, Askofu Hannington akauawa Busoga Oktoba mwaka huohuo, na mwaka 1886 wasomaji wengi wakachomwa moto. Mackay aliendelea kupiga chapa na kufundisha hadi alipofukuzwa Julai 1887.

Alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akajenga nyumba na karakana, akaanza kuunda mashua ya mvuke. Stanley alipopita hapo mwaka 1889 pamoja na Emin Pasha, gavana aliyekwenda kumwokoa, alimkuta kazini, na alimsifu sana baadaye. Mackay alikataa kurudi Ulaya. Aliendelea na tafsiri ya Injili ya Yohana hadi alipokufa kwa homa Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Mabaki yake yalihamishiwa baadaye Namirembe, Kampala.

Tafsiri ilishikwa na George Pilkington, aliyefika Buganda baada ya kifo cha Mackay, akisaidiana na Henry Wright Duta, Mganda aliyekuwa miongoni mwa wasomaji wa mwanzo. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896.