Baba, Mwana na Homoni za Msongo

Mwaka 1870, daktari wa upasuaji wa London, James Paget, aliandika kwamba amekutana mara nyingi na wagonjwa walioshikwa na saratani muda mfupi baada ya hofu kubwa au kukata tamaa. Wazo lenyewe lilikuwa kongwe: tabibu Galen alishawahi kuhusisha huzuni na saratani ya matiti karne nyingi kabla yake. Ila hakuna aliyeweza kueleza huzuni hupita njia gani mwilini.

Mwana wa Paget, Stephen, aliuliza swali jingine. Mwaka 1889 alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliouawa na saratani ya matiti. Waliokuwa na uvimbe kwenye ini walifika 241. Kwenye wengu, 17 tu. Damu hufika kote, kwa nini basi tofauti hiyo? Akajibu kuwa seli ya saratani ni mbegu, na mbegu haioti ila kwenye udongo unaoikubali.

Swali la baba na jibu la mwana vilikaa mbalimbali kwa zaidi ya miaka mia. Katikati yake homoni ya msongo iitwayo adrenalini ilitambuliwa, na mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, akaonyesha jinsi panya waliosumbuliwa walivyovimba tezi zilizo juu ya figo, ambazo ndizo hutoa homoni hiyo. (Selye huyo huyo baadaye alipokea fedha za kampuni za tumbaku, ambazo zilifurahi sana kusikia msongo ukilaumiwa badala ya sigara.)

Sehemu ya jibu la swali la baba ilionekana mwaka 2010, Los Angeles. Erica Sloan na wenzake waliwabana panya wenye saratani ya matiti ndani ya nafasi finyu, kila siku kwa muda wa saa mbili. Uvimbe wa awali haukukua zaidi ya ule wa panya wasiobanwa. Kilichobadilika ni kusambaa: saratani ilienea mara 30 zaidi, ikifika hadi kwenye mapafu. Homoni za msongo zilikuwa zimeita seli za kinga kwenye uvimbe, nazo zikaifungulia saratani njia. Panya walipopewa propranolol, dawa ya zamani ya presha, athari hiyo ilizimwa.

Kwa binadamu ushahidi bado ni mdogo, na hakuna uliothibitisha kwamba mawazo ndiyo yanayoanzisha saratani. Kwa hiyo tusimwambie mgonjwa kuwa alijitakia. Na propranolol isinunuliwe dukani bila daktari. Kwa mwenye pumu inaweza kuwa hatari.