Umeme wa kesho Maniema ya kusini: wakaaji wanaingia wapi?

Giza likiingia Wamaza, kila mtu anajipanga. Mmoja ana pano yake ndogo ya jua, mwingine ana tochi, na mwenye groupe anaiwasha kama ana feza ya essence. Waya mkubwa wa SNEL unaotoka Inga haufiki huku. Kwa hiyo umeme wa Kasongo na Kabambare utatoka karibu, kwa mto ao kwa jua, na swali ni nani atakayechagua.

Zamani mwanakijiji hakuulizwa. Barrage ya Lutshurukuru, upande wa Kalima, ilijengwa wakati wa Wabelgiji juu ya migodi ya bati. Jirani zetu wa Tanganyika wana Piana Mwanga, iliyojengwa juu ya migodi ya Manono. Vita ilipoharibu mitambo ile, Manono ikakaa gizani miaka mingi, mpaka ikapata kituo cha jua cha megawati 1. Na laini ya Inga–Kolwezi, karibu kilometa 1,700, inapita tangu 1982 juu ya vijiji vingi ambavyo havina hata taa moja. Umeme ulifuata shaba na bati, haukufuata watu.

Leo sheria imebadilika, hata kama wengi hawajaisikia. Katiba ya 2006, kwa article 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa na umeme. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 juni 2014 ilimaliza ile desturi ya SNEL kuwa peke yake: kampuni ya watu binafsi inaweza kuomba kutengeneza na kuuza courant, na majimbo nayo yakapewa sehemu ya madaraka. Ndiyo njia waliyopitia watu kama Nuru, waliowasha kituo cha jua cha megawati 1.3 pale Goma mwaka 2020 na wanaotaja pia Kindu katika mipango yao. Sheria hiyo ilileta vyombo viwili vya kukumbuka: ARE, inayosimamia soko na kulinda wateja, na ANSER, yenye kazi ya kupeleka umeme mashambani.

Lakini mlango mkubwa wa raia uko katika sheria nyingine, namba 11/009 ya julai 2011, juu ya mazingira. Inaomba kila mradi unaoweza kugusa mazingira ufanyiwe enquête publique mbele ya kuanza. Maana yake watu waelezwe, wasikilizwe, na maneno yao yaandikwe. Mkutano wa saa moja, wenye hotuba na picha, ambamo mashine zimekwisha kununuliwa, si enquête. Na kama barrage ao nguzo zinachukua shamba, article 34 ya Katiba inasema malipo ya haki yatolewe kwanza, kazi baadaye.

Kuna mlango wa tatu, na kwa Kabambare ni wa karibu sana juu ya dhahabu ya Namoya, pale Salamabila. Code minier iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimisha kampuni ya mgodi inayochimba kupatana na jamii juu ya cahier des charges, na kutoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii hizo. Umeme wa hospitali unaweza kuandikwa humo. Usipoombwa, hautaandikwa.

Ugumu ni huu: plan ya maendeleo ya secteur ingepitishwa na conseil iliyochaguliwa na watu, lakini uchaguzi wa washauri wa secteur haujafanyika. Chef wa secteur anabaki na wasaidizi wake, na sauti ya raia inapita kwa société civile, makanisa, misikiti na mashirika ya wamama. Wamama wasiachwe nyuma: mara nyingi wao ndio wanaobeba muhogo mpaka kwa moulin, na wao ndio wanaozaa kwa mwanga wa tochi.

Mtu akileta mradi, aulizwe mambo ya wazi. Kama ni mto, Luama ao vijito vyake, maji yanabaki kiasi gani kati ya juni na agosti? Kama ni jua, batterie zikichoka nani atanunua nyingine? Courant itazungusha moulin na mashine ya kusudi, ao ni ya taa na simu tu? Kilowati-saa itauzwa bei gani, na nani anaweza kuipandisha? Nani fundi, na anakaa wapi: Wamaza ao Kindu?

Majibu yaandikwe katika procès-verbal, isomwe kwa sauti kwa Kiswahili mbele ya kutia sahihi, na nakala moja ibaki kijijini. Kama zote zimekwenda Kindu, siku ya ugomvi safari ya kuitafuta ni ndefu, na wakati wa mvua barabara mnaijua.