Biashara ya Vipuri Mkoani Mara: Kutoka Meli za Ziwa hadi Spea za Bodaboda

Kabla ya kuhesabu maduka ya vipuri, tutazame kwanza njia. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile ya kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Musoma, makao makuu ya mkoa wa Mara, haikupata reli. Bidhaa za viwandani ziliifikia kwa meli za Ziwa Victoria, na kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni mji huu ulitazama Kisumu kuliko Dar es Salaam.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje iliwekwa zaidi na zaidi mikononi mwa mashirika ya umma. Kisha mapigo yakafuatana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Kwa Mara, ambayo mji wa mpakani wa Sirari umo ndani yake, huo ulikuwa mlango wa nyumbani. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimeza fedha za kigeni, mafuta yakapanda bei, na pamba haikuleta fedha za kutosha. Lori liliweza kulala miezi kwa kukosa beringi moja. Mafundi walichinja gari bovu ili kuliponya lingine, na bushi zikachongwa kienyeji.

Mwaka 1983 serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi, na Novemba mpaka ukafunguliwa. Lakini msako hauleti bidhaa. Bajeti ya mwaka 1984 ndiyo iliyoruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza mali bila kuulizwa wamezipataje. Wengi humpa Rais Mwinyi, aliyempokea Nyerere, sifa yote ya kipindi cha ruksa, yaani cha kulegezwa kwa masharti ya biashara. Yeye aliupanua mlango kweli, hasa kuanzia mwaka 1986, ila ulianza kufunguka Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, akiwa bado Ikulu.

Hata hivyo, ruhusa peke yake haijazi duka. Wapo wanaosema biashara imekua kwa sababu magari yameongezeka. Ni kweli, lakini naona umri wa magari una uzito zaidi. Magari yaliyotumika Japani, ambayo yalimiminika nchini baada ya soko kufunguliwa, hufika yakiwa yamekwisha kutembea miaka mingi. Kenya huzuia gari lililozidi miaka minane. Tanzania hulipokea na kulitoza ushuru wa ziada. Gari la namna hiyo, likipita makorongo na vumbi, hudai bushi, shokapu, breki na krachi mara kwa mara. Tena mengi ni Toyota, na spea moja huweza kuingia katika aina kadhaa za magari, kwa hiyo hata mwenye mtaji mdogo huthubutu kufungua duka.

Ndani ya mkoa, biashara haikuenea sawasawa. Bunda ilinufaika kwa mahali ilipo: barabara ya Mwanza na Musoma hupita hapo, na ya kwenda Kisorya na Ukerewe huchepuka hapo. Butiama, iliyo pembeni mwa barabara kuu, ilisubiri pikipiki. Bodaboda zilitambuliwa kisheria kuwa usafiri wa abiria karibu mwaka 2010, na spea zake zina tabia tofauti: cheni, plagi, tairi na breki huisha upesi, bei yake ni ndogo, na mzigo wake hubebwa ndani ya basi. Ndiyo maana biashara hii iliweza kuingia vijijini, mahali ambapo duka la vipuri vya magari lisingeweza kujilipa.

Ukuaji huo umeleta pia spea feki. Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, hukamata bidhaa bandia, lakini haiwezi kusimama kwenye kila kaunta. Breki bandia huua. Msomaji, nenda dukani na spea yako ya zamani mkononi, linganisha namba zake na za ile mpya, na usiondoke bila risiti.